Fidia ya Heshima Chini ya Mlima Kenya

Kabla ya Waingereza kujenga boma lao Nyeri mwaka 1902, mtu aliyevunjiwa heshima na jirani yake aliipeleka kadhia yake mbele ya wazee wa kiama, yaani baraza la Wakikuyu, nao, wakiisha kuzisikiliza pande zote mbili kwa saburi, walimtoza mkosaji mbuzi au kondoo, nyama ikaliwa pamoja, na uhasama ukakoma; hakufungwa mtu, kwani gereza lenyewe halikuwapo.

Gereza lilikuja na dola. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 iliifanya kashfa ya maandishi kuwa jinai, na kifungu chake cha 194 kikadumu hata baada ya uhuru, sambamba na Sheria ya Kashfa ya 1970 iliyompa aliyekashifiwa haki ya kudai fidia. Jinsi dola inavyoyahofu maandishi, watu wa Nyeri waliionja mapema, maana Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapaji wa Karatina, alikamatwa Oktoba 1952, akatiwa kizuizini miaka mingi.

Zilipokuja simu za mkononi, tuhuma ambayo zamani ingeishia sokoni Karatina ilianza kufika Nanyuki na Embu kabla ya chai ya saa nne. Ndipo watu wawili waliposhtakiwa kwa maneno ya Facebook wakapinga kifungu kile cha 194, na tarehe 6 Februari 2017 Jaji John Mativo, aliyepata kuketi katika Mahakama Kuu ya Nyeri, akakitangua, akisema kwamba fidia yatosha kuilinda hadhi ya mtu. Kwa rai yangu hukumu ile iliirudisha sheria karibu na hekima ya kiama: aliyeharibu jina na alipe, wala asifungwe.

Bunge, hata hivyo, liliifungulia jela mlango mwingine. Sheria ya Uhalifu wa Mitandao, iliyotiwa saini tarehe 16 Mei 2018, iliweka katika kifungu cha 23 faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 10 kwa mwenye kueneza kwa makusudi uongo wa kumvunjia mtu heshima. Miaka 10 kwa ulimi ni dhuluma, hata ulimi ukiwa muovu.

Amma mfanyabiashara aliyechafuliwa jina katika kundi la WhatsApp, njia ya madai ingali wazi kwake, lakini muda wake ni miezi 12 tu. Na picha za ujumbe ule atakazozichapisha lazima ziandamane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ama sivyo mahakama yaweza kukataa kuzipokea.