Namba ya D Si Cheti cha Injini

Kila nikiongea kuhusu magari, lazima mtu aniulize: "Bro, ninunue ya Japan iliyotembea sana, ama nitafute ya hapa Kenya?" Huku kwetu Meru na Embu hilo swali si la kupiga stori tu. Hiyo pesa ni bonasi ya majani chai, ni mkopo wa sacco ambao shangazi zako watatu wamekuwekea dhamana, ama ni karo. Kwetu ilikuwa karo. Nitafika hapo. Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu hili swali limenizidi umri.

Miaka ya 70 serikali ilitaka magari yaunganishwe hapa nchini badala ya kuletwa yakiwa yamekamilika. Tukapata viwanda vitatu vikubwa: Leyland pale Thika, ambayo leo ni KVM, General Motors Nairobi, ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa, na Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa. Vipande vilikuja kwa meli, Wakenya wakaviunganisha. Kwa hivyo hata hiyo "gari ya hapa" tunayoisifu, nusu yake ilizaliwa ng'ambo. Moja ya zile zilizounganishwa Mombasa ni Peugeot 504.

Uliza mzee yeyote pale stendi ya Embu kuhusu Pijo, kisha utafute kiti, maana hutatoka hapo haraka. Babu yangu aliendesha moja ya kubeba abiria kwenda Nairobi. Na sifa zake hazikuwa za kijijini tu. Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 na 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili. Nigeria waliendelea kuiunganisha Kaduna hadi miaka ya 2000, wakati Ufaransa walikuwa wameshaisahau.

Wazee husema Pijo haifi. Mimi nawapinga kidogo. Pijo ilikufa mara nyingi sana, tofauti ni kwamba ilifufuliwa. Babu alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 32, na ndani yake aliandika kila siku aliyobadilisha oili, kilomita zilizosomeka, na bei ya kila spea. Kila fundi kuanzia Makutano ya Mwea hadi Meru mjini aliijua hiyo injini, na vipande vilipatikana hata Runyenjes. Kwangu mimi, hiyo ndiyo siri yake kuliko chuma.

Kuna mfano mzuri zaidi. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally na Volvo PV544. Hiyo gari haikuwa mpya. Ilikuwa imeshakimbia rally ya mwaka uliotangulia, kisha ikauzwa hapa hapa. Yaani mtumba, tena mtumba uliopigwa na barabara mbaya kuliko zote, ulishinda magari mapya ya kampuni kubwa. Lakini Joginder mwenyewe alikuwa fundi. Alijua anachokiendesha.

Sasa upande wa pili. 1986 Rais Moi aliwaomba wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari ya Kenya. 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa kwa umma. Zilikuwa gari kweli, si picha, lakini hazikuwahi kutengenezwa kwa wingi za kuuzwa. Mobius nayo ilianza na wazo zuri la gari ngumu ya barabara zetu, na Agosti 2024 ikatangaza kwamba inafungwa, kabla ya kununuliwa na wawekezaji wengine. Siwacheki. Nasema tu kwamba kuzaliwa nyumbani peke yake hakuifanyi gari iwe ya kutegemewa. Kama spea haipo na fundi hajawahi kuiona, uzalendo hautakuvuta ukikwama Chuka saa tano usiku.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 uchumi ukafunguliwa, na mitumba ya Japan ikaanza kumiminika bandarini. Viwanda vyetu vikabaki zaidi na malori, mabasi na pikapu. Baadaye ikaja kanuni ya KS 1515:2000. Gari ya kuingia nchini isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, usukani uwe kulia, na ikaguliwe. Hapo ndipo wengi wetu tunajikwaa. Hiyo kanuni inahesabu miaka. Haijaweka kikomo cha kilomita. Gari ya miaka 7 inaweza kuwa ya bibi mmoja aliyekuwa akienda dukani, ama ya kampuni iliyozunguka nayo kutwa kucha.

Na namba ya D? Hiyo inaonyesha lini gari ilisajiliwa Kenya, basi. Haisemi ilitengenezwa lini wala ilitembea wapi. Lakini kijijini kwetu namba ya D ni kama digrii. Mtu akiingia nayo kanisani, anapewa nafasi ya kupaki karibu na mlango.

Baba alikuwa na Corolla aliyoinunua kwa mwalimu mmoja wa Nkubu. Ilikuwa inasoma kilomita 280,000 hivi. Aliijua kila mlio. Kisha mwaka wa 2022 watu wakaanza kumwambia hiyo imechoka, mzee, tafuta fresh. Akaiuza, akaongeza mkopo, akaenda kwenye yadi moja, jina naliacha, akarudi na gari ya namba ya D inayosoma 68,000. Tulipiga picha. Mimi ndiye niliyeziposti.

Miezi mitano baadaye giaboksi ikakataa. Tulipoipeleka kwa fundi, hata hakufungua boneti kwanza. Alifungua mlango wa dereva, akatuonyesha mpira wa pedali ya breki ulioisha hadi chuma, usukani uliolainika kama sabuni, na kiti kilichozama. Akamwambia baba, "Mzee wangu, hii haijatembea elfu sitini na nane. Hii imezunguka dunia." Tukarudi kuuliza karatasi ya mnada wa Japan. Tukaambiwa ilipotea.

Pesa ya giaboksi ilikuwa karo yangu ya muhula wa pili, mwaka wa pili. Nilisema nitarudi muhula unaofuata. Sikurudi. Sitasema ni gari peke yake iliyonitoa chuo, maana hata masomo tulikuwa tumeanza kukosana. Lakini ile Corolla bado naiona Chuka asubuhi, imebeba mitungi ya maziwa.

Usinielewe vibaya. Ya Japan si mbaya. Hizo Probox zinazoshusha miraa kutoka Maua zilitoka Japan zikiwa zimetumika, na zilibuniwa tangu 2002 kuwa gari za kazi. Piga hesabu: Meru hadi Nairobi ni kama kilomita 225. Ukienda na kurudi siku sita kwa wiki, ni 2,700. Kwa mwaka ni zaidi ya 130,000. Bado zinakimbia, kwa sababu kilomita za lami haziumizi injini kama za mawe na matope, na kwa sababu kila fundi wa hii barabara anaijua Probox kama babu zetu walivyoijua Pijo.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: usinunue namba iliyo kwenye dashibodi, nunua ushahidi. Kama ni ya Japan, dai karatasi ya mnada na cheti cha usafirishaji, ulinganishe kilomita. Kule gari ya kibinafsi hukaguliwa ikifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilomita huandikwa, kwa hivyo rekodi ipo. Anayekwambia imepotea, mwambie na wewe pesa yako imepotea. Kama ni ya hapa, tafuta fundi aliyekuwa akiitengeneza, muulize ilikwama lini na wapi. Laki mbili u nusu zilizosomeka wazi, zenye mashahidi, ni afadhali kuliko elfu sitini za kuambiwa.

Baba sasa ana daftari. Kurasa 32, kama la babu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa giaboksi, na bei yake.