Slabu ya bei chee inalipwa wapi?

Najua mtauliza, mwalimu mtarajiwa wa Historia na zege wapi na wapi? Subirini kidogo. Sisi wa Elimu tunakariri tarehe za vita na mikataba, lakini hata sakafu ya ghorofa ina historia yake, tena ni historia ya watu kubana matumizi.

Tuanzie Ufaransa. Mwaka 1892 François Hennebique alipata hataza ya ujenzi ambao nguzo, boriti na slabu zinashikana kwa zege na nondo kama mwili mmoja. Jengo likawa imara, na haliungui kirahisi kama la mbao. Ila gharama! Wengi tunadhani hela yote inaishia kwenye saruji na nondo. Kumbe fungu kubwa linakwenda kwenye mbao na mirunda ya kubeba zege mpaka likomae. Kila boriti inadai sanduku lake la mbao: seremala akate, apigilie, halafu abomoe.

Marekani, ambako fundi alilipwa vizuri, hilo liliuma. Mwaka 1906 C.A.P. Turner akajenga Minneapolis jengo lisilo na boriti: slabu bapa imekaa moja kwa moja juu ya nguzo zenye vichwa vilivyotanuka kama uyoga. Uswisi naye Robert Maillart akafanya majaribio yake, na mwaka 1910 ghala lake likasimama Zürich. Baadaye kwenye majengo ya kuishi hata vile vichwa vikaondolewa.

Faida yake ni hesabu ya darasa la saba. Nguzo zikiwa mita 6 kutoka moja hadi nyingine, slabu bapa ni kama sm 20 tu, wakati boriti ingeshuka sm 45 au zaidi. Ukiokoa sm 25 kila ghorofa, jengo la ghorofa 12 linapungua mita 3 nzima za kuta, mabomba na ngazi.

Ila msikimbilie kusema slabu bapa ni nafuu kila mahali. Inakula zege na nondo zaidi. Pale ambapo nondo ni ghali na kibarua analipwa kidogo, boriti za Hennebique zinaweza kushinda. Na nguzo zikiachana mita 9 hivi, slabu bapa ya kawaida inakuwa nene mno, inabidi kutumia slabu ya mbavu au nyaya zilizovutwa.

Halafu kuna deni lingine. Uzito wote unakutana pale slabu inapogusa nguzo, na ukizidi, nguzo inatoboa slabu kama kidole kwenye karatasi. Seoul, Korea Kusini, tarehe 29 Juni 1995, duka kubwa la Sampoong liliporomoka, watu 502 wakafa. Lilikuwa la slabu bapa. Nguzo zilizotakiwa kuwa na sm 80 zilijengwa sm 60, ghorofa ya tano ikageuzwa migahawa, na juu ya paa wakaweka mitambo mizito ya kupoza hewa. Siku hiyo asubuhi nyufa zilionekana, lakini biashara ikaendelea.

Turner na Maillart walibana mbao, ila pale kwenye nguzo waliongeza zege. Wa Seoul walibana palepale kwenye nguzo. Kwa hiyo mtu akikwambia mfumo fulani ni nafuu, muulize: umepunguza nini, na ni wapi?

Naomba kuwasilisha. Wale wa uhandisi, karibuni tubishane!