Tuzo ya Marehemu Diwani na Jengo la Simba Wawili

Ndugu Mhariri amenitaka niandike machache juu ya tuzo ambayo chama chetu cha wanafunzi wa zamani kimeazimia kuianzisha kwa kumkumbuka marehemu mwenzetu, yule ambaye sisi wa darasa la 1974 tulimwita "Diwani" miaka mingi kabla hajachaguliwa na mtu yeyote. Nimekubali, ila kwa sharti kwamba nipite kwanza Banda Street, Nairobi, ndipo nirudi kwake. Vijana mlioko shuleni sasa mtanivumilia. Wazee hatuna njia ya mkato.

Wenzangu mtakumbuka zile Jumamosi tulizopewa ruhusa ya kwenda mjini. Wengine walikimbilia sinema. Sisi wachache, ama kwa kupenda vitabu ama kwa kukosa nauli ya mahali pengine, tulikwenda Maktaba ya McMillan, lile jengo lenye nguzo kubwa nyeupe, jirani na Msikiti wa Jamia, lenye simba wawili wa mawe wanaolinda ngazi. Diwani alikuwa na desturi ya kumpigapiga simba mmoja kichwani kabla ya kuingia, kana kwamba anamwamkia mzee wa boma.

Tuliingia, tukasoma, tukatoka. Hatukujiuliza McMillan alikuwa nani. Basi nawaeleza leo. Sir Northrup McMillan alizaliwa Marekani, akaja huku akawa mlowezi mwenye mali nyingi na mashamba makubwa pande za Juja na Ol Donyo Sabuk. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa mgeni wake mwaka 1909. McMillan alifariki mwaka 1925 na kaburi lake liko kwenye mlima huo wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lady Lucie McMillan, ndiye aliyejenga maktaba kuwa kumbukumbu ya mumewe, akisaidiwa kwa fedha na shirika la Carnegie la Marekani. Ilifunguliwa mwaka 1931. Mwaka 1938 ikatungiwa sheria yake yenyewe ya kuilinda, heshima ambayo majengo machache sana hupewa.

Hata hivyo, mlango ule ulikuwa wa Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle, wala Mhindi, hata angekuwa na elimu ya namna gani. Ilikuwa hivyo hadi mwaka 1958, yaani miaka 27 kamili. Mwaka 1962 maktaba ikakabidhiwa Baraza la Jiji la Nairobi. Kwa hiyo sisi tulipokuwa tukiingia na sare zetu zenye vumbi, ruhusa hiyo haikuwa imefikia hata umri wetu.

Diwani alilijua jambo hilo kabla yetu. Babake alikuwa tarishi mjini katika miaka ya hamsini, msomaji hodari wa gazeti na Biblia, na kila siku alipita mbele ya wale simba akipeleka barua za watu. Jioni moja, ndani ya basi la kurudi shuleni, Diwani alitusimulia kwamba babake alipita hapo miaka saba bila kujua ndani kuna nini. Sisi tulicheka, kwa ujinga wa utoto. Yeye hakucheka.

Alipochaguliwa diwani kwao, hoja yake ya kwanza katika baraza ilikuwa maktaba. Sheria ya maktaba za taifa ilikuwapo nchini tangu 1965, alisema, basi kwa nini mji wao usiwe nayo? Mmoja akamwuliza kama vitabu vitaleta ushuru. Hata hivyo kiwanja kilitengwa. Halafu, kama ilivyokuwa ikitokea sehemu nyingi wakati ule, kiwanja kikaanza kuwa na mwenyewe.

Hapa sina budi kusema la kwangu. Wakati huo nilikuwa mpimaji ardhi, na nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ramani iliyoonyesha kwamba kiwanja kile ni cha matumizi ya umma. Diwani akaniandikia barua akiniomba niende kulieleza hilo mbele ya baraza. Nikamjibu kwamba nina kazi nyingi. Akaandika ya pili. Ile sikuijibu. Nilikuwa na watoto wanne na mkubwa wa kazi asiyependa maswali, nami nikajiambia hayo yanatosha kuwa sababu. Leo pale pana nyumba ya wageni.

Diwani hakunilaumu hata siku moja. Aliomba chumba nyuma ya soko, kilichokuwa stoo ya magunia, akaweka rafu za mbao za masanduku, akawa anahudhuria kila mkutano wa bajeti kudai mshahara wa mkutubi mmoja. Mkutubi akapatikana baada ya miaka sita.

Sasa kamati ya tuzo imegawanyika. Wapo wanaotaka apewe kila mwaka yule atakayetoa fedha nyingi zaidi kwa maktaba. Mimi napinga. Simdharau mtoaji, bila fedha za Lady McMillan hata simba tusingewaona. Lakini fedha zilijenga mlango, na zikauacha umefungwa. Tazameni kazi ya siku hizi: Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk mwaka 2017, wakaanza kukarabati si lile jengo la nguzo bali matawi yake ya Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kawaida, wakiwauliza wakazi wanataka nini. Au wale wa maktaba za taifa waliopakia vitabu juu ya ngamia kule Garissa tangu mwaka 1996 kuwafuata wafugaji. Kazi ya namna hiyo ina vikao vingi na picha chache.

Kwa hiyo napendekeza anayetajwa kwa tuzo aje na kumbukumbu za mikutano aliyohudhuria, si risiti. Na wanafunzi walioko shuleni wawe na kura, kwa kuwa wao ndio wasomaji.

Barua ya pili ya Diwani bado ninayo. Wiki iliyopita nimemkabidhi katibu ili iwekwe katika faili la tuzo, pamoja na maelezo yangu, yenye sahihi, juu ya ile ramani.