Edmond na Ua la Vanila

Yamkini, msomaji, umepata kuonja vanila katika keki au aiskrimu bila kuuliza ilikotoka. Hutoka katika tunda la mmea utambaao juu ya miti, wa ukoo wa okidi, ambao asili yake ni misitu ya Meksiko na nchi zilizo jirani. Wenyeji wa huko, Watotonaki na Waazteki, waliijua kabla Wahispania hawajafika mwaka 1519. Baada ya hapo Ulaya ikaionja, ikaitamani. Lakini kwa muda wa karne tatu hivi Meksiko ilikuwa kama mtu aliye na ufunguo wa ghala peke yake. Watu waliuchukua mmea wakaupanda katika nchi nyingine za joto. Ukashika, ukastawi, hata ukachanua, ila haukuzaa.

Usidhani kuwa mmea usiozaa ni mmea mgonjwa. Jani na ua ni watumishi wawili wenye kazi mbalimbali. Jani lina rangi ya kijani iitwayo klorofili, ambayo hunasa nuru ya jua. Kwa nguvu ya nuru hiyo jani huyaunganisha maji yaliyopandishwa na mizizi na kaboni dioksidi iliyomo hewani, likafanya sukari, na oksijeni ikatoka nje. Kazi hii ndiyo usanisinuru, nayo iliulisha mmea wa vanila ukarefuka mwaka hata mwaka. Walakini sukari, hata iwe nyingi namna gani, haiwezi kuligeuza ua la vanila kuwa tunda lenye mbegu. Sharti kwanza chavua, yaani ule unga wa kiume wa ua, ifike penye stigma, iliyo mlango wa sehemu ya kike. Hapo ndipo vijiyai vilivyomo katika ovari hurutubishwa vikawa mbegu, na ovari ikanenepa ikawa tunda. Kwamba mimea ina jinsi ya kiume na ya kike, hilo lilithibitishwa na Rudolf Camerarius huko Tübingen, Ujerumani, mwaka 1694.

Basi shida ilikuwa nini? Shida ilikuwa umbo la ua lenyewe. Katika mboga ya malenge, ambayo bila shaka umeiona shambani kwenu, ua la kiume liko peke yake na la kike peke yake. Katika vanila sehemu zote mbili zimo ndani ya ua moja, juu ya kinguzo kimoja kidogo, zimekaribiana mno. Lakini kati yao pana kiwambo chembamba kama ulimi, nacho huizuia chavua isiiguse stigma. Tena ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku iyo hiyo. Kwao Meksiko wamo nyuki wa namna fulani wawezao kupenya na kuifanya kazi hiyo. Penginepo ua huanguka bure.

Miongoni mwa mahali ulikopelekwa mmea huu ni kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Ulifika huko tangu mwaka 1819. Kisiwa kilikuwa mali ya Wafaransa, na mashamba yake yalilimwa na watumwa. Wengi wao au wazee wao walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Hata Kilwa, mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani ili apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa.

Katika kisiwa hicho, mahali paitwapo Sainte-Suzanne, alizaliwa mwaka 1829 mtoto wa kiume aliyepewa jina moja tu, Edmond, maana watumwa hawakuwa na majina ya ukoo. Mama yake, Mélise, alifariki katika kumzaa. Mtoto alilelewa nyumbani mwa Ferréol Bellier-Beaumont, mwenye shamba aliyependa mimea kupita kiasi. Hakupelekwa shule, alichopata ni kufuatana na bwana wake bustanini, akisikiliza majina ya mimea na kutazama. Siku moja bwana alimwonyesha jinsi ya kulizalisha tikiti maji kwa mkono, kwa kulichukua ua la kiume na kuligusisha na la kike.

Bwana huyo alikuwa na mmea mmoja wa vanila ambao kwa miaka 20 hivi ulikuwa haujazaa. Mwaka 1841, akitembea bustanini pamoja na Edmond, aliona juu yake matunda mawili. Alistaajabu. Mtoto, aliyekuwa na miaka 12, akasema kwamba ni yeye aliyeyazalisha. Bwana hakusadiki. Siku chache baadaye likaonekana tunda jingine. Ndipo alipomtaka afanye mbele ya macho yake. Edmond akalishika ua, akalipasua kidogo ubavuni, akauinua ule ulimi kwa kijiti chembamba, na kwa kidole gumba akaibonyeza chavua juu ya stigma. Kazi yenyewe ni ya nukta chache tu. Angalia vema alichofanya: hakuiga tu somo la tikiti maji. Somo lile lilihusu maua mawili. Yeye alilazimika kuvumbua mwenyewe kwamba katika vanila mume na mke wamo chumba kimoja, na kwamba kinachowatenga ni pazia.

Haki yataka tuseme kwamba huko Liège, Ubelgiji, profesa Charles Morren alikuwa ameizalisha vanila kwa mkono mwaka 1836, ndani ya nyumba ya vioo. Njia yake haikuenea mashambani. Ya Edmond ilienea, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ya haraka. Wenye mashamba wa jirani wakamwita, naye akapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wengine.

Hapo baadaye Jean Michel Claude Richard, mtaalamu wa mimea katika kisiwa hicho, alidai kwamba ni yeye aliyewaonyesha watu njia hiyo mwaka 1838, na kwamba mtoto labda alichungulia. Bellier-Beaumont aliandika barua ya kumkanusha. Pima mwenyewe, msomaji. Kama wenye mashamba walikuwa wamefundishwa mwaka 1838, mbona miaka mitatu ilipita vanila isizae? Na mbona mwaka 1841 walimwita mtoto mtumwa, wasimwite mtaalamu? Mimi sioni jibu la kumfaa Richard.

Utumwa ulikomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Edmond akapewa jina la ukoo, Albius, lililo karibu na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Sijui aliyelichagua alikusudia heshima au mzaha. Mwaka 1849 sheria ya Ufaransa iliwapa fidia waliokuwa na watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu.

Edmond alikwenda mjini Saint-Denis akafanya kazi ya jikoni. Akashtakiwa kwa wizi wa vito, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Hakimu wa Sainte-Suzanne, Mézières Lepervanche, alimwandikia gavana kumwombea, akitaja faida ambayo kisiwa kizima kilikuwa kikiipata kwa ajili ya mtu huyu. Edmond akafunguliwa kabla ya muda wake. Akarudi Sainte-Suzanne, akaoa, akaishi kwa taabu. Ombi la kumtaka serikali impe posho halikupata jibu. Alifariki katika hospitali ya hapo tarehe 9 Agosti 1880, akiwa fukara.

Mwaka ule wa uhuru kisiwa kilikuwa kimepeleka Ufaransa kilo 50 hivi za vanila. Mwaka 1898, miaka 18 baada ya kuzikwa kwake, kilipeleka tani 200 hivi, na kila tunda lilitokana na ua lililofunguliwa kwa kijiti na kubonyezwa kwa kidole gumba.