Uhuru wa Uskoti

Uhuru wa Uskoti ni hoja ya kisiasa inayotaka Uskoti itoke katika Ufalme wa Muungano na kuwa dola lenye mamlaka kamili. Hoja hiyo ilipigiwa kura ya maoni tarehe 18 Septemba 2014, ikakataliwa kwa asilimia 55.3 dhidi ya 44.7. Mtetezi wake mkuu ni Chama cha Kitaifa cha Uskoti (SNP), kilichoanzishwa mwaka 1934. Chama cha Kijani cha Uskoti kinaiunga mkono pia, pamoja na watu wengi wasio na chama.

Katika Kiswahili jina "Uingereza" hutumika mara nyingi kwa ufalme wote, ingawa Uingereza yenyewe ni nchi moja tu kati ya nne zinazouunda. Nyingine ni Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini. Waskoti wengi hawapendi kuitwa Waingereza. Katika makala hii Uingereza ni ile nchi ya kusini tu.

Asili ya muungano

Mwaka 1603 mfalme James VI wa Uskoti alirithi pia taji la Uingereza. Nchi hizo zikawa na mfalme mmoja, lakini kila moja ilibaki na bunge lake. Katika miaka ya 1690 Waskoti waliweka sehemu kubwa ya fedha zao katika mradi wa koloni la Darien, katika Panama ya leo. Mradi ulianguka na wengi walipata hasara kubwa. Mwaka 1707 bunge la Edinburgh lilipitisha muungano na kujifuta lenyewe. Sehemu ya fedha zilizotolewa na Uingereza katika mapatano hayo ilitumika kuwafidia waliopoteza mali Darien, na ndiyo maana wapinzani walisema nchi imeuzwa.

Hata hivyo Uskoti ilibaki na sheria zake, mahakama zake, kanisa lake la Kipresbiteri na mfumo wake wa shule. Madai ya uhuru yanategemea zaidi taasisi hizo kuliko lugha, kwa kuwa Kigaeli kinazungumzwa na watu wachache.

Hoja ya demokrasia

Hoja inayosikika zaidi ni kwamba Uskoti hutawaliwa na serikali isiyoichagua. Wahafidhina walipata zaidi ya nusu ya viti vya Uskoti kwa mara ya mwisho mwaka 1955. Lakini katika miaka 45 kati ya 1979 na 2024 wao waliongoza serikali ya London kwa miaka 32, kwa sababu wapiga kura wa Uingereza ni wengi kuliko wa nchi nyingine tatu zikiwekwa pamoja.

Mfano unaokumbukwa kwa uchungu ni kodi ya kichwa ya serikali ya Margaret Thatcher. Ilianza Uskoti mwaka 1989, mwaka mmoja kabla ya Uingereza na Welisi, na watu wengi walikataa kuilipa. Katika uchaguzi wa 1997 Wahafidhina hawakupata hata kiti kimoja Uskoti.

Chama cha Labour nacho hakikusalimika. Katika kampeni ya 2014 kilisimama jukwaa moja na Wahafidhina kutetea muungano, na wafuasi wake wengi hawakukisamehe. Mwaka uliofuata kilishuka kutoka viti 41 vya Uskoti hadi kimoja.

Wapenda uhuru wanalalamikia pia Baraza la Malodi, ambalo wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi, na mfumo wa uchaguzi ambamo anayeongoza jimboni huchukua kiti hata bila kufikia nusu ya kura. Mwaka 2024 Labour ilipata viti 411 kati ya 650 kwa takriban asilimia 34 ya kura. Lakini mfumo huohuo uliwapa SNP viti 56 kati ya 59 vya Uskoti mwaka 2015 kwa nusu ya kura tu, kwa hiyo lawama hii hukata pande zote mbili.

Mafuta, silaha na fedha

Mafuta ya Bahari ya Kaskazini yalibadilisha mjadala. Mwaka 1974 mchumi wa serikali Gavin McCrone aliandika kwamba Uskoti huru ingekuwa na fedha nyingi kutokana nayo. Ripoti hiyo ilifichwa hadi 2005, na tangu hapo imekuwa ushahidi unaopendwa na wale wasioiamini London. Leo uzito wake ni mdogo: uchimbaji umepungua, na bei zilianguka baada ya 2014.

Jambo lingine ni nyambizi zenye silaha za nyuklia zilizoko Faslane, si mbali na Glasgow. SNP inataka ziondolewe.

Wapinzani hujibu kwamba Uskoti huuza bidhaa nyingi zaidi katika sehemu nyingine za ufalme kuliko katika Umoja wa Ulaya, na kwamba matumizi ya serikali huko yanazidi kodi zinazokusanywa. Swali gumu kuliko yote lilikuwa sarafu: watetezi wa uhuru walitaka kuendelea kutumia pauni kwa makubaliano, na Februari 2014 waziri wa fedha George Osborne alikataa.

Ugatuzi na kura za maoni

Mwaka 1979 asilimia 51.6 ya waliopiga kura walikubali Uskoti iwe na bunge, lakini sheria ilidai pia asilimia 40 ya wote walioandikishwa, nayo haikufikiwa. Wabunge wa SNP kwa hasira walisaidia kuiangusha serikali ya Labour kwa tofauti ya kura moja, na uchaguzi uliofuata ulimleta Thatcher. SNP yenyewe ilishuka kutoka viti 11 hadi viwili. Bunge lilipatikana mwaka 1999, baada ya kura ya maoni ya 1997.

Mwaka 2011 SNP chini ya Alex Salmond ilipata viti 69 kati ya 129 vya bunge hilo, na David Cameron akakubali kura ya 2014. Vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kupiga kura, na asilimia 84.6 ya walioandikishwa walijitokeza. Siku mbili kabla, viongozi wa vyama vitatu vikubwa vya London waliahidi kuipa Uskoti mamlaka zaidi. Asubuhi baada ya matokeo, Cameron aligeukia malalamiko ya Uingereza kuhusu kura za wabunge Waskoti, na wengi Uskoti waliona wamechezewa.

Mwaka 2016 asilimia 62 ya Waskoti walitaka kubaki katika Umoja wa Ulaya, wakatolewa pamoja na wengine. Waziri Kiongozi Nicola Sturgeon alidai kura mpya, lakini tarehe 23 Novemba 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuiitisha bila idhini ya London. Sturgeon alijiuzulu mwaka 2023. Katika uchaguzi wa Julai 2024 SNP ilibaki na viti 9 kati ya 57 vya Uskoti.