Kutofungamana na Chama, Kutoegemea Upande

Kundi linapojitangaza kwa Kiingereza kuwa ni nonpartisan, waandishi wetu huandika mara "lisilofungamana na chama", mara "lisiloegemea upande wowote". Hizi ni ahadi mbili tofauti, na kuzichanganya kunawaumiza wanachama.

Kutofungamana na chama ni habari ya uhusiano. Kundi si mali ya chama, halipokei maagizo yake wala halimpigii debe mgombea wake. Nchini Marekani, tangu 1954, mashirika ya hisani yaliyosamehewa kodi yamekatazwa kisheria kumuunga mkono au kumpinga mgombea. League of Women Voters, iliyoanzishwa huko mwaka 1920, haimpigii kampeni mgombea yeyote, lakini ina misimamo kuhusu sera, na wakosoaji husema misimamo hiyo inashabihiana na ya chama cha Democratic. Hata kama wanasema kweli, ahadi ya kutofungamana na chama haijavunjwa.

Kiswahili kina ushahidi wake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zisizofungamana na upande wowote, na wakati huohuo Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kukataa kambi za mataifa makubwa hakukuizuia kuwa na msimamo dhidi ya ukoloni na ubaguzi wa rangi.

Kutoegemea upande ni habari ya uamuzi: kosa lilelile, adhabu ileile, awe nani aliyelitenda. Ahadi hii ni nzito zaidi, na hupimwa siku mtu anapofungiwa. Januari 2021, baada ya uvamizi wa Bunge la Marekani, Facebook ilimfungia Donald Trump kwa muda usiojulikana. Mwezi Mei, bodi iliyoundwa kupitia maamuzi ya kampuni hiyo ilisema kumfungia kulistahili, ila adhabu isiyo na kikomo haikuwamo katika kanuni za kampuni. Adhabu inayobuniwa baada ya kosa humwachia kila mtu nafasi ya kushuku upendeleo.

Januari hiyohiyo, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook ilifuta akaunti ilizozihusisha na wizara ya serikali. Serikali ikalalamika kuwa imeonewa, ikafunga mitandao ya kijamii, kisha intaneti nzima. Aliyedai haki sawa akawaziba midomo raia wote, wapinzani wake wakiwamo.

Upendeleo upo hata katika makundi yetu ya WhatsApp yenye tangazo la "siasa marufuku humu". Anayelalamikia bei ya umeme anatolewa, anayetuma picha za kiongozi akikata utepe anapongezwa. Msimamizi huenda hana kadi ya chama chochote, lakini kundi limeshaegemea.

Kwa hiyo nonpartisan tuiite "isiyofungamana na chama". "Isiyoegemea upande" tuwaachie wanaoweza kuitetea kwa vitendo: wenye kanuni zilizoandikwa, wanaomweleza anayeondolewa kosa lake na muda wa adhabu, na wanaompa mahali pa kukata rufaa. Asiye na hayo hajastahili jina hilo.