Majina Yaliyoletwa na Vita

Mtoto wa Majengo atumwaye sokoni hana haja ya kitabu ili akutane na vita vya ugenini. Akishika njia ya magharibi, kitambo kidogo hufika Kariokor. Akielekea kusini, upande wa Shauri Moyo, hufika Burma, soko lisifiwalo kwa nyama. Majina yote mawili ni ya vita, na vita hivyo havikuanzishwa na mtu ye yote wa Nairobi.

Tutazame la kwanza. Waingereza na Wajerumani walipoanza kupigana Agosti 1914, makoloni yao ya Afrika ya Mashariki yaliburutwa nyuma yao. Barabara zilikuwa haba, na ndorobo waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda kichwani mwa mtu. Likaundwa jeshi la wapagazi, kwa jina la Kiingereza Carrier Corps, na kambi yake ndiyo iliyoacha jina la Kariokor, kama ilivyo Kariakoo ya Dar es Salaam. Sheria ya 1915 iliruhusu watu kushikwa kwa nguvu. Mwaka 1917 msako ukazidi, vijiji vikabaki na wazee na wanawake. Waliouawa na risasi ni wachache. Wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga uliopikwa nusu. Hesabu rasmi ilitaja wafu zaidi ya 40,000, na wanahistoria wa baadaye wakaona kuwa hesabu hiyo ni ndogo mno. Mshahara wa wengi haukuwafikia jamaa zao kamwe. Mwaka 1928 walisimamishiwa sanamu mjini Nairobi, pamoja na askari. Lakini sanamu si orodha ya majina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika kwa makumi ya maelfu hawakuandikwa po pote.

Burma ni habari nyingine. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita bonde la Kabaw, katika mvua na matope, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Wengi wa hawa walijiandikisha wenyewe, wakalipwa, wakarudi na maswali juu ya ardhi na uhuru.

Baada ya uhuru Kenya ilianza kutuma watu wake yenyewe. Mwaka 1989 askari wake walikuwa Namibia chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, wakati wananchi wa huko walipopiga kura ya kujitawala. Kazi ile ilikuwa njema, na asemaye kuwa kila safari ya jeshi ni uonevu hajaitazama Namibia.

Somalia haikuwa hivyo. Jeshi la Kenya liliingia huko Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara karibu na mpaka, na mwaka 2012 likaunganishwa na jeshi la Umoja wa Afrika. Safari hii vita havikukaa mbali. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya 2011 ilieleza kwamba vijana wa Majengo walikuwa wakishawishiwa kwenda kupigania Al-Shabaab. Hivyo mtaa mmoja ungeweza kuwa na mama wawili wanaokesha, kila mmoja akiogopa mtoto wa mwenzake. Tarehe 16 Mei 2014 mabomu mawili yalilipuka Gikomba, mlangoni pa Majengo, yakaua watu wasiopungua 10 waliokwenda kuuza na kununua.

Kisha, 15 Januari 2016, kambi ya Wakenya ya El Adde ilivamiwa alfajiri. Waandishi wa habari wa kigeni walihesabu wafu zaidi ya 140. Serikali haikutangaza hesabu kamili, na jamaa walikaa wakingoja simu. Mimi nikisoma habari hiyo huwakumbuka wapagazi: mkoloni hakuwahesabu kwa kuwa hawakuwa wake, hawa walikuwa wetu.

Juni 2024 polisi wa Kenya walishuka Haiti kupambana na magenge. Wa kwanza kuuawa huko, Februari 2025, alitangazwa kwa jina, na mwili wake ukaletwa Nairobi.